Sikio la Kushoto: Shajara ya Kufufua Stax ya Zamani

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mzigo umefika Mombasa. Kijana wa bodaboda aligeuza boksi mara mbili, akaona maandishi ya Kijapani kila upande, akaniuliza kama ni dawa. Nilipomwambia ni hedifoni alicheka. "Kwani hapa Digo Road zimeisha?"

Hazijaisha, lakini hizi ni Stax SR-5 za miaka ya 1970 pamoja na adapta yake, SRD-7, kisanduku cha chuma kizito kama tofali. Stax ni kampuni ya Kijapani ya tangu 1938, na mwaka 1960 ndipo ilipotoa hedifoni zake za kwanza za umeme tuli, SR-1. Wenyewe huziita spika za masikio. Mama alizishika, akazitazama vile vikombe vyenye wavu, akasema, "Mbona kama machujio mawili ya chai yaliyounganishwa?" Nimeshindwa kumbishia.

Nimelipa yeni 18,000. Juu yake kuna nauli ya ndege, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Jumla siiandiki kwa sababu mama husoma daftari hili.

Muuzaji alikuwa ameziweka fungu la "janku". Nimeshajifunza kwamba kwa wauzaji wa Japani neno hilo halina maana ya kibovu moja kwa moja. Maana yake ni: sijakijaribu, sikidhamini, usinirudishie. Mara nyingine janku ni kitu kizima ambacho mwenyewe hakuwa na amplifaya ya kukijaribia. Mara nyingine ni mzoga. Nilichoangalia kwenye picha ni vitu viwili tu: waya usiwe umepasuka, na plagi iwe na pini zake zote 6.

Hizo pini 6 zina maana yake. Stax za zamani kama hizi hutumia volti 230 kuchaji utando, ile plastiki nyembamba inayotoa sauti, na plagi yake ina pini 6, moja ikiwa katikati. Za baadaye, zile za "Pro", hutumia volti 580 na zina pini 5. Kwa hiyo ya zamani haiwezi kuingia kwenye soketi ya 580, pini ya katikati huikataa. Ila kuna watu wameikata ile pini kwa koleo ili waingize kwa nguvu. Ukiona picha ya plagi iliyokatwa pini, kaa mbali, kwa maana hujui utando umepigwa umeme gani.

Karibu ninunue SR-40 kwa nusu ya bei. Nikaacha. Zile ni za elektreti: chaji imefungiwa ndani ya plastiki yenyewe tangu kiwandani, na miaka mingi ya joto huipunguza. Ikishapungua huna pa kuichomeka ijae tena. SR-5 hupata chaji yake upya kila ukiwasha.

Sponji ya ndani ya vikombe imeoza. Imekuwa makombo meusi yenye kunata, kama masizi yaliyochanganywa na asali. Nimegusa kwa kidole kimoja, nikanawa mikono mara tatu. Nimeyapangusa yale ya juujuu basi.

Sijawasha kitu. Nyuma ya adapta kuna kibandiko: 100V.

Jumapili, 9 Februari

Nijiandikie mwenyewe hii inafanyaje kazi, nisije nikafungua kitu nisichokielewa.

Katikati ya kila kikombe kuna utando wa plastiki wa unene wa mikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana. Mbele yake kuna bamba lenye vitundu, na nyuma yake jingine. Utando hushikiliwa na chaji ya volti 230, ambayo mafundi wa vitu hivi huiita bayasi. Muziki hupelekwa kwenye mabamba: hili likivuta, lile husukuma, na utando wote hutikisika kwa pamoja kama tanga lililopata upepo. Hakuna sumaku wala koili.

Adapta ina kazi mbili. Hupokea waya za spika kutoka kwa amplifaya na kuzipandisha volti hadi mamia kwa transfoma mbili, moja kila upande. Na huchukua umeme wa ukutani kutengeneza ile bayasi. Hapo ndipo tatizo la 100V lilipo. Umeme wa kwetu ni 240. Nikiichomeka hivi hivi, bayasi itapanda kwa kiasi hicho hicho, zaidi ya volti 550 kwenye utando uliotengenezewa 230. Itapigana cheche mara moja, kama vitu vya ndani havijalipuka kwanza.

Sababu ya taabu yote hii ni ami. Alituachia masanduku mawili ya kaseti za taarabu, nyingine za dukani, nyingine zilirekodiwa harusini na mtu aliyeweka redio juu ya kiti. Nazihamishia kwenye kompyuta kidogo kidogo, na hedifoni zangu za kawaida zinanificha mambo. Siwezi kujua kama ukungu wa sauti ni wa kaseti au ni hedi ya deki, ile sehemu inayosoma utepe, imekaa pembe.

Alhamisi, 13 Februari

Nilinunua kisanduku cha kushushia umeme kutoka 240 hadi 110, vile wanavyouza watu kwa ajili ya vyombo vya kutoka nje. Kabla ya kukitumia nikapita kwa mzee mmoja wa Bondeni aliyekuwa akitengeneza redio tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni redio ya matatu, rudi nayo."

Nikamweka kisanduku mezani. Hakukiwasha. Alichukua mita, akaiweka kwenye kupima waya, mguu mmoja kwenye pini ya kuingilia, mwingine kwenye tundu la kutokea. Mita ikalia tiii.

"Waisikia? Ndani humu mna koili moja tu. Umeme wa ukutani umekuja hadi hapa kwa miguu yake. Na hicho kitu chako chavaliwa wapi?"

"Kichwani."

"Haya. Kirudishe ulikokitoa."

Vingi vya visanduku hivi ndivyo vilivyo: vinashusha volti kweli, lakini waya wa kuingia na wa kutoka ni ule ule umepasuliwa njiani. Kwa pasi au blenda haidhuru. Kwa kitu cha kukaa masikioni, ambacho ndani yake bayasi inatolewa kwenye umeme wa ukutani moja kwa moja, nataka koili mbili zisizogusana. Mzee alinielekeza kwa fundi wa kufunga mota, aliyeniuliza mara tatu kama nina hakika ni 100 na si 110, kisha akakubali kunisukia transfoma ndogo. Nimelipa zaidi ya bei ya kile kisanduku. Nimepima leo jioni: kati ya kuingia na kutoka mita iko kimya kabisa. Inatoa volti 101. Stima ya kwetu Kibokoni hupanda na kushuka, kwa hiyo sitailalamikia.

Jumamosi, 22 Februari

Nimefungua adapta. Transfoma mbili za sauti zimekaa salama, nta yake bado ina harufu ya mshumaa. Kibao cha saketi ya bayasi ni kidogo kama biskuti: dayodi, kapasita kadhaa, rezista. Kapasita mbili zimevimba. Nimebadilisha zote, za volti kubwa kuliko za awali, na dayodi pia kwa kuwa nilikuwa nimeshashika kauya ya kulehemu.

Mara moja nilisahau kwamba kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa waya. Iliniamsha. Baada ya hapo kila mara nazimaliza kwa rezista kabla ya kutia mkono.

Halafu nikapima bayasi kwenye soketi. Mita ikasema 156.

Nilikaa nayo hiyo 156 kwa saa nzima. Nilibadilisha kapasita moja tena. 156. Nilikagua dayodi moja moja. 156. Nikaenda kunywa kahawa tungu barazani, na ni huko huko barazani, kikombe cha pili mkononi, ndipo iliponijia. Kabla ya soketi kuna rezista ya rangi ya manjano, zambarau na kijani: megaohmu 4.7. Imewekwa makusudi ili umeme ufike kwenye utando kwa mkondo mdogo tu. Na mita yangu yenyewe ina megaohmu 10 ndani. Nikiigusisha, mita nayo inakunywa. Kwa hiyo ninachosoma ni 10 juu ya 14.7 ya volti halisi. 230 mara 10, gawanya kwa 14.7: 156 na nukta.

Kumbe ilikuwa sawa tangu kipimo cha kwanza. Nimebandika karatasi ndani ya kifuniko: "UKISOMA 156 NI 230." Atakayeifungua baada yangu asipoteze kahawa yake.

Hiyo rezista ndiyo pia inayonifanya nilale usingizi. Hata mtu akigusa bayasi yote, 230 gawanya kwa milioni 4.7 ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya miliampea. Waya za mabamba ni hadithi nyingine. Zile zinabeba mamia ya volti kutoka kwa amplifaya yenyewe, na hazina kizuizi. Waya ukichubuka, usivae.

Jumanne, 25 Februari

Zinaimba.

Nimeanza na Zein l'Abdin. Udi wake nimeusikia tangu utotoni, redioni, harusini, kwenye teksi. Leo nilisikia plektra ikigusa uzi kabla ya uzi kulia. Sijui niandikeje zaidi ya hapo.

Lakini ni sikio la kulia ndilo lililoimba. La kushoto lilianza vizuri, na baada ya kama dakika kumi likaanza kurudi nyuma, kama mtu anayeondoka chumbani huku bado anaongea. Kufika nusu saa lilikuwa nusu ya mwenzake, na katikati ya nyimbo likitoa kauli ya tss, tss, kama mafuta yanayopata tone la maji.

Jumatano, 12 Machi

Mwezi wa Ramadhani. Nafanya kazi baada ya taraweh hadi karibu na daku, nyumba imetulia na vumbi la barabarani limelala.

Nimebadilisha waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Udhaifu umebaki sikio lile lile. Basi amplifaya haina kosa. Nikafungua vikombe na kuhamisha waya za kamba kutoka upande huu kwenda ule. Udhaifu umebaki sikio lile lile. Basi adapta na kamba hazina kosa. Tatizo liko ndani ya kipaza chenyewe, ule utando na mabamba yake.

Kila niliyemuuliza aliniambia ni uzee, ile dawa ya kwenye utando imekwisha. Mimi nilikuwa na wasiwasi na saa. Ukiwasha saa sita mchana, kaskazi ikivuma kavu kavu, sikio la kushoto linakaa karibu saa nzima. Ukiwasha usiku, dirisha liko wazi na upepo wa bahari unaingia na ule unyevu wa kunata shingoni, linachoka baada ya dakika kumi. Dawa iliyokwisha ingejuaje kwamba ni usiku?

Kwa hiyo nilipita kwenye maduka ya viatu ya Biashara Street na Markiti nikaomba vile vipakiti vidogo vya silika ambavyo watu hutupa. Nimevikausha juu ya kikaango kwa moto mdogo, nikavitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na hedifoni, nikafunga kwa utepe. Siku tatu. Leo nimezitoa, nikazivaa hapo hapo: pande mbili sawasawa. Kushoto hakuna tss hata moja. Niliziacha mezani wazi, baada ya saa moja na nusu kushoto kukaanza kuondoka chumbani.

Basi ni hewa. Chaji inavuja. Mahali fulani kuna uchafu ambao ukiwa mkavu hausemi kitu, ukinywa unyevu unakuwa daraja la kutoka utando hadi bamba. Na hewa ya kwetu haina unyevu tu, ina chumvi. Nondo za dirisha langu zilipakwa rangi mwaka juzi na zimeshaanza kulia kutu.

Nimefurahi kuliko nilivyostahili. Dawa ya utando iliyokwisha sina uwezo wa kuitengeneza hivi hivi. Ipo njia ya watu kupaka sabuni iliyoyeyushwa, lakini mpako wa namna hiyo hupitisha umeme kwa kunywa unyevu wa hewani, na sitaki chombo kitakachobadilika tabia kati ya kusi na kaskazi. Uchafu nauweza.

Jumamosi, 15 Machi

Usiku wa kufungua. Nimezima pangaboi. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa Mombasa mwezi wa Machi: chumba kimefungwa madirisha, hakuna upepo, na mbele yako kuna plastiki ambayo pumzi ikiwa kali inaitikisa. Nilijifunga kitambaa kipajini kwa sababu tone moja la jasho ni chumvi, na chumvi ndiyo ninayoifukuza.

Nimepangusa meza kwa kitambaa chenye maji, nikangoja vumbi likae. Skrubu za kipaza nimezilegeza kwa zamu, hii nusu mzunguko, ile ya mkabala wake nusu mzunguko, ili shinikizo lisiegemee upande mmoja. Niliziweka kwenye sinia la mama la mahamri, kila moja mahali pake kama ilivyokaa. Nikapiga picha ya rangi za waya kwa simu. Nikanyanyua bamba la nyuma.

Utando ulikuwa mzima. Umevutika vizuri, hauna mkunjo, unang'aa kama uso wa mafuta. Niliushangaa kidogo, kisha nikatazama pembeni.

Kati ya utando na bamba kuna pete ya plastiki inayovitenga. Kwenye ukingo wake, upande wa chini ambapo kikombe kikisimama mezani vitu hudondokea, kulikuwa na mstari mweusi wenye kung'aa, upana wa ncha ya kalamu. Makombo ya ile sponji. Yale niliyoyaona siku ya kwanza na kupangusa ya juu tu, mengine yalikuwa yameshapenya humu miaka mingi nyuma, yakanata, yakakusanya vumbi. Sponji za namna hii huozeshwa na unyevu wenyewe, na zikishaoza huunywa. Nilikuwa natafuta daraja, na daraja lenyewe lilikuwa limesimama pale.

Nimesafisha kwa spiriti ya isopropili na vijiti vya pamba, pete tu na ukingo wa bamba, kijiti kimoja mpanguso mmoja, kinatupwa. Utando wenyewe sijaugusa. Dawa yake ikiondoka nimekwisha. Vijiti vya kwanza vilitoka vyeusi, vya katikati vya rangi ya chai, vya mwisho vyeupe. Nimehesabu 31. Nikafanya hivyo hivyo sikio la kulia, ambalo lilikuwa na doa dogo tu, bado halijafika mahali pa kudhuru. Lingekuja kufika.

Vipande vyote vimelala kwenye mkebe wa silika. Adhana ya alfajiri imenikuta nafagia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimerudishia, nimesikiliza, na nimekosea.

Sauti ya kushoto imerudi yote, nguvu ni sawa. Lakini kaseti ya Juma Bhalo ilinichanganya. Ile ni mono, sauti ile ile masikio yote mawili. Sauti ya Bhalo inatakiwa isimame katikati ya paji la uso, kama mtu aliyekaa mbele yako. Leo ilikuwa pande zote na haikuwa mahali popote. Besi ilikuwa kama iko nyuma ya kisogo. Nikizivua na kuvaa tena ni hivyo hivyo. Kichwa kikaanza kuniuma.

Kaseti za mono zina faida hii: hazikubali udanganyifu. Ingekuwa ni muziki wa siku hizi, na ala zimetawanywa huku na huku, ningekaa mwezi mzima nikisema "mbona sauti imepanuka." Nilifungua kushoto tena. Waya wa bamba la mbele na wa nyuma nimevibadilishana. Sikio moja linavuta wakati jingine linasukuma. Picha ya simu niliyoitegemea ina kivuli cha mkono wangu mwenyewe juu ya waya zile mbili.

Nimezirudisha mahali pake. Bhalo amekuja akakaa mbele yangu.

Jumapili, 13 Aprili

Pedi za masikio. Za asili zilikuwa zimekauka kama ganda la samaki. Fundi wa kushona viti vya matatu kule Majengo amenishonea mpya kwa ngozi ya bandia na sponji mpya. Za kwanza nene mno, muziki ukawa mbali kama uko chumba cha pili. Za pili nyembamba, zinaziba sikio vizuri, besi imekuja. Aliniuliza kama nataka na mstari mwekundu wa mapambo. Nilikataa, sasa najuta kidogo.

Sponji ya ndani sijarudisha. Nimeweka kipande chembamba cha shifoni iliyobaki kwenye buibui la dada.

Jumatatu, 19 Mei

Masika. Imenyesha tangu juzi, maji yamejaa hapo Makadara, kuta za chumba zina jasho. Ukiacha karatasi mezani asubuhi inalegea kama kitambaa. Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiiogopa tangu Februari, na pia niliyokuwa nikiingoja, kwa sababu kazi ya kaskazi si ushahidi wa kitu.

Nilizitoa kwenye mkebe jana saa mbili usiku, dirisha nikaliacha wazi makusudi. Baada ya nusu saa, sawasawa. Baada ya saa moja, sawasawa. Baada ya saa mbili, nikahisi kushoto kumeshuka kidogo. Sikuamini hisia zangu, maana mtu anayengoja kitu hukisikia. Nikachezesha mlio wa hezi 400, nikaweka maikrofoni ndogo mbele ya kila kikombe, kwa kipande kile kile cha boksi lenye tundu ili umbali usibadilike. Kushoto iko chini kwa desibeli moja na nusu. Hakuna tss.

Nilipima tena baada ya kuzirudisha mkebeni usiku kucha: tofauti ni kama nusu desibeli. Kwa hiyo bado kuna kitu kinavuja, kidogo sana, hewa ikiwa mbaya kabisa. Labda ni mkwaruzo ndani ya pete ambao kijiti hakifiki. Sitafungua tena mwaka huu. Kila kufungua ni nafasi ya kuchana, na desibeli moja na nusu nairekebisha kwa kitufe cha balansi.

Stima ilipotea saa nne na kitu, kwa hiyo kipimo cha baada ya saa tatu sina.

Jumapili, 15 Juni

Kusi imeshika. Nimenunua shanga za silika zenye rangi, za chungwa zikiwa kavu, kijani zikishiba, ili nisiendelee kukisia kwa vipakiti vya viatu. Mkebe uko kwenye rafu ya juu, mbali na jikoni. Kanuni ya nyumba: ukimaliza kusikiliza, zirudishe mkebeni. Mama ndiye anayeivunja.

Leo tumeanza kaseti za ami kwa utaratibu, masanduku mawili, kila kaseti pande mbili. Ya kwanza haina karatasi wala jina, harusi fulani. Deki nimeirekebisha pembe ya hedi kwa kusikiliza tu, nikigeuza skrubu polepole hadi herufi s za mwimbaji zilipoacha kuwa ukungu. Kwenye hedifoni za zamani nilikuwa nikiikisia hiyo skrubu. Leo robo ya robo ya mzunguko niliisikia.

Mama alizivaa, akakaa kimya nyimbo mbili nzima. Kisha akanyanyua kikombe kimoja.

"Huyu mpiga tashkota ana uzi mmoja umelegea."

Nikasikiliza tena. Kweli. Uzi wa chini, kila akirudi kwenye kiitikio. Tashkota nayo ni ya Japani, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912, ikapita bandari gani na gani hadi ikawa ala ya taarabu ya Mombasa kiasi kwamba hakuna anayeikumbuka kwao. Nikamwambia mama kwamba anasikiliza chombo cha Kijapani kwa chombo cha Kijapani.

"Na hilo lakusaidia nini? Geuza upande wa pili."

Balansi: alama moja kushoto. Bayasi: 156. Shanga: chungwa.